Mkono wa Kushoto

Huu ndio mkono usiotoa salamu,
usioingia sahanini,
uliofunzwa tangu utoto kukaa nyuma.
Mama alikuwa akiupiga kikofi
kila ulipotangulia kwenye tonge.
Miaka thelathini na moja, ghala ya karafuu, Wete,
wa kulia uliandika: gunia, uzito, jina la mwenye mali.
Wa kushoto ulishikilia karatasi
isipeperushwe na feni.

Nimestaafu mwezi wa Machi.
"Watu wakistaafu hununua ng'ombe," kasema Bi Raya
aliponiona nashuka garini nimekumbatia gita
la mnada wa Chake,
nyuzi tano za haki
na wa sita mshipi wa kuvulia.
Sikumjibu.
Ng'ombe haegemezwi ukutani akanyamaza.

Mwalimu wangu ni Haji Shaame,
fundi simu, miaka kumi na tisa.
Ananiita mzee huku akinipinda vidole
kama anayebandua kifuniko cha betri.
"Hii kodi ya kwanza," kanambia.
Mie kodi naijua ya nyumba na ya biashara,
zote hulipwa kwa mkono wa kulia.
Hii inadai ngozi.

Tazama kazi zilivyogawanywa:
wa kulia, bwana mkubwa, unapita tu juu ya tundu,
chini, juu, chini,
kama mtu anayefukuza nzi.
Wa kushoto ndio uliotumwa shingoni,
kwenye vipingili kama vya muwa,
kidole cha pete huku, cha kati kule,
na kile kidogo, ambacho sikumbuki kukitumia
ila kwa nta ya sikio,
kinatakiwa kisimame peke yake.
Kinatetemeka
kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Sauti? Usiniulize sauti.
Uzi wa pili unakoroma, wa nne umebana pua,
mshipi unasema tup,
embe bichi juu ya bati.
Jirani yangu Maalim Khatib kauliza, kwa heshima zote,
kama tunatengeneza kitanda.

Juzi ikaja Fa.
Haji kasema kidole cha shahada kilale,
kizikamate nyuzi zote sita kwa pamoja.
Kikalala. Hazikukamatika.
Nikabana mpaka jasho likadondoka ubaoni
na damu, nukta moja,
nikamkumbuka karani mwenzangu Masoud Faki,
alivyokuwa akisema mizani haikosei,
anayekosea ni aliyeiwekea kidole.
Nikacheka peke yangu,
kidole kikiwa bado juu ya mizani.

Usiku umeme ukakatika.
Sikuona gita, sikuona mkono,
basi nikauacha uende.
Ukaenda. Ukakosa. Ukarudi nyuma kidogo,
ukaweka vidole vitatu mahali pake,
na sauti ikatoka nzima, mara moja,
pana kama mlango unaofunguliwa.
Jikoni mbuzi ya nazi ikanyamaza.
"Hiyo," kasema Bi Raya gizani.
Nikaitafuta tena.
"Si hiyo," kasema,
na nazi ikaendelea kukunwa.

Leo Ijumaa. Tumetoka kuswali, watu wanapeana mikono.
Wa kulia unapokea salamu zake zote,
ya Maalim, ya Masoud, ya kijana wa duka la saruji
anayebana kama anataka kuvunja.
Wa kushoto, wenye malengelenge mawili na sugu moja changa,
umo mfukoni mwa kanzu
unabonyeza paja:
pete, kati, shahada.
Hakuna anayeusikia.
Unakosa.
Unarudia.